Dirisha la Mwajabu

Watu wa mjini Bagamoyo wana jina lao kwa sisi tuliozaliwa Miono: wanatuita watu wa porini. Hawalisemi kwa ubaya. Wanalisema huku wakikukaribisha chai na kukusogezea kiti kizuri. Mimi nimeolewa hapa miaka mingi, nimejifunza kupika samaki wa nazi wasivunjike, nimejifunza kusalimia mtaa mzima kabla sijafika dukani, lakini kila nilipokosea jambo wifi yangu Batuli alicheka na kusema, "Mwacheni, wa Miono huyo." Nami nilicheka naye. Naanza na hili ili usije ukaniuliza baadaye kwa nini nilimwamini kwa kila alichoniambia kuhusu eda.

Mume wangu, Dadi, alifariki vuli inaelekea kwisha. Alikuwa akitawadha alasiri, akakaa chini, hakuinuka tena. Hatukujaliwa mtoto. Alikuwa na dada mmoja tu, huyo Batuli, ambaye alikaa na sisi katika nyumba ileile tangu alipoachika, yeye na mwanawe Kibwana. Kwa hiyo kaskazi ilipoingia, na joto lake, nilikuwa mjane ndani ya chumba.

Kwanza nikueleze joto lenyewe. Joto la Miono ni la jua. Ukiingia kivulini umelikimbia, na usiku unajifunika shuka. Joto la hapa pwani halina pa kukimbiwa. Linakaa ndani ya godoro, linalowesha chumvi kwenye kibakuli mpaka haichoteki, linashikisha kutu kitasa ulichonunua juzi. Unaoga, na kabla hujamaliza kujifuta umeshalowa upya. Kaskazi yangu ya kwanza hapa nilitoka vipele shingoni na mgongoni, nikawa najikuna usiku kucha, nikalia nirudishwe kwetu. Dadi hakunibembeleza kwa maneno. Asubuhi alichukua mtaimbo akatoboa ukuta wa chumba chetu upande wa uani, unakotazama bahari, akatia dirisha pana la mbao lenye mabawa mawili. Batuli ndiye aliyekanda udongo wa kuzibia kingo zake. Alikuwa amepaka tope mpaka nyusi, akawa anaimba nyimbo za kuniudhi, analiita dirisha la bibi harusi.

Upepo uliingia siku ileile. Tangu hapo tukawa na desturi yetu ya kaskazi: saa nane mchana Dadi alimwaga ndoo ya maji sakafuni, tukafungua dirisha na mlango wa mbele, tukalala chini kwenye mkeka, kila mtu na upande wake, bila kugusana. Tuligombana mambo mengi katika ndoa yetu. Hatukuwahi kugombana saa nane mchana.

Jioni ya maziko, wanawake walipokuwa bado wamejaa ukumbini, Batuli alinishika mkono akaniingiza chumbani. Alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha.

"Wifi yangu," aliniambia, "sasa uko edani. Najua kwenu Miono wanafanya wanavyofanya. Hapa mjini mjane haonekani. Si na mwanamume tu. Hata uani hatoki. Na dirisha linafungwa."

"Dirisha pia?"

"Dirisha pia. Na nikwambie jambo: kila joto utakalolivumilia humu ndani, marehemu anapata wepesi kaburini. Wewe vumilia tu. Mfanyie ndugu yangu."

Nani angebishana na hilo? Ungeniambia nikalie jiko la mkaa kwa ajili ya Dadi, ningelikalia. Kesho yake Kibwana alikuja na nyundo akapiga misumari kwenye yale mabawa mawili. "Usije ukapitiwa na usingizi ukalifungua, anti," alisema. Nikamshukuru. Fikiria hilo: nilimshukuru.

Mlango wa uani nao ukatiwa kufuli. Choo tulikuwa nacho ndani, Dadi alikijenga mwaka uliopita, basi sikuwa na sababu yoyote ya kwenda nyuma. Chakula alipika Batuli. Feni yetu ya kusimama ilianza kukwama, Kibwana akaipeleka kwa fundi, na safari ya feni ile ikawa ni ya moja kwa moja. Poda sikuwa nayo, maana ilikuwa ya manukato, na mjane hajipaki manukato; hilo angalau nililijua mwenyewe. Vipele vikarudi palepale vilipokuwa zamani, utadhani vilikuwa vimewekewa nafasi.

Nikavumilia. Nilikuwa nakaa chini, mgongo nimeuegemeza ukutani, jasho linatoka kwenye nywele linapita machoni, nami nasema moyoni, "Dadi, hii yako." Lingine likitiririka mgongoni, "Na hii." Usinicheke. Mtu aliyefiwa anataka kuwa na kazi ya kumfanyia aliyekufa, na mimi kazi yangu ilikuwa kutoka jasho. Niliifanya kwa bidii kuliko kazi yoyote niliyowahi kupewa.

Na Batuli, haki yake nimpe, hakuniacha. Kila mchana aliniletea ukwaju wenye barafu kwenye jagi la bati, akakaa kando yangu kwenye mkeka na kipepeo cha ukindu, akanipepea. Alikuwa na mkono wa kupepea, wifi yangu: haukazi, hauchoki, upepo unakuja kidogo kidogo mpaka kope zinakuwa nzito. Tulikuwa tunamzungumza Dadi. Alinisimulia alivyokuwa mtoto, alivyoiba maandazi akayaficha ndani ya kofia. Nilikuwa nalala katikati ya hadithi. Sina dada wa kuzaliwa naye tumbo moja, na mchana mmoja baada ya mwingine nilimshukuru Mungu kwamba nimepewa Batuli.

Baada ya hitma ya arobaini ndipo kelele zilipoanza. Koleo linakwangua mchanga, ndoo zinagongana, wanaume wanaitana. Zilikuwa karibu mno.

"Nani anajenga?" niliuliza.

"Mzee Ausi," alijibu Batuli. Mzee Ausi ni jirani yetu wa nyuma. "Anajenga vyumba. Si unajua siku hizi, kuanzia Mapinga mpaka hapa kila mwenye banda la kuku anataka kuweka mpangaji. Na vumbi lake lote analileta kwetu."

Akaleta kitenge kizee akaziba nyufa za dirisha, vumbi lisinidhuru. Nikamchukia Mzee Ausi. Kila tofali lililoangushwa nililihesabu ni tusi lake kwangu, mjane wa mtu aliyekuwa akisali naye safu moja. Nilimwapiza mzee wa watu, Mungu anisamehe, wakati yeye masikini alikuwa kwa binti yake Mlingotini anauguza mguu.

Tangu siku za kelele zile, joto lilibadilika. Mwanzo, hata dirisha likiwa limefungwa, alfajiri mbao zilikuwa zinapoa na palikuwa na kijiupepo kinachopenya chini. Kikakoma. Kuta zikawa zinatoa joto mpaka usiku wa manane. Nikadhani ni mimi. Nikadhani imani yangu ndiyo inapungua, ndiyo maana navumilia kwa shida. Nilimwambia Batuli, "Wifi, nimekuwa dhaifu," naye akaniambia, "Zidisha istighfari."

Kuna siku alikuja jamaa mmoja wa marehemu, mwanamke wa makamo, kunipa pole akiwa amechelewa. Alikunywa funda moja la chai akasema, "Naona na mambo ya uani yanakwenda vizuri, mashaallah—" Batuli akamkatiza, "Kunywa chai, itapoa." Chai ipoe wapi, kwenye kaskazi ile? Nilicheka kimoyomoyo nikaona wifi yangu kachoka. Sikuona lingine.

Siku nyingine nilizimia. Nilisimama kwenda kuoga, ukuta ukazunguka, nikajikuta chini. Nilipofumbua macho kichwa changu kilikuwa mapajani kwa Batuli, ananipepea kwa nguvu, naye analia. Machozi yake yalinidondokea usoni. "Usife, wifi," alikuwa anasema, "usife, wifi yangu." Nyuma ya dirisha wanaume walikuwa wanaendelea kugonga. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Mpaka leo sijui niyaweke wapi.

Aliyenifumbua macho kwa maana nyingine ni Bi Adila, mwalimu wa madrasa ya wanawake. Alikuja asubuhi moja Batuli yuko sokoni. Alibisha hodi mbele, akaingia, akafika mlangoni pa chumba changu akasimama, ameziba pua na mdomo kwa ukingo wa mtandio.

"Shikamoo, Bi Adila."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini humu? Mbona kama tanuri?"

"Eda, Bi Adila."

"Eda naijua. Nauliza hili joto. Fungua dirisha."

"Mjane hafungui dirisha."

Alinitazama sana. Halafu akavua viatu, akaja akakaa kwenye mkeka wangu uliolowa, akanishika kifundo cha mkono kama mtu anayempima mgonjwa.

"Nani kakwambia?"

"Wifi."

"Sikiliza, Mwajabu. Mjane anakaa katika nyumba ya mumewe. Hajipambi, hajitii manukato, haposwi. Basi. Uani kwake anatoka, anapika, anaota upepo, anapanda mchicha akitaka. Dirisha halina eda."

"Na joto? Ninalolivumilia... si linamfikia Dadi?"

Bi Adila ni mwanamke mkali. Amefundisha watoto wa mji huu kwa fimbo. Lakini aliposikia hivyo aliinamisha kichwa, na alipojibu alijibu polepole. "Dua inamfikia. Sadaka inamfikia. Jasho lako, mwanangu, linaishia kwenye mkeka."

Nikainuka nikaenda jikoni, nikarudi na koleo la chuma la kushikia makaa, nikaanza kung'oa misumari ya Kibwana. Mikono ilikuwa inateleza kwa jasho. Bi Adila akaja akashika bawa la dirisha, tukavuta pamoja, msumari wa mwisho ukatoka, nikasukuma.

Dirisha lilifunguka upana wa kiganja, likagonga.

Nikatia mkono kwenye uwazi ule. Niligusa tofali. Tofali la saruji, lina moto wa jua la asubuhi, na juu yake tofali jingine, na saruji ya katikati iliyotoka nje bila kusawazishwa, kwa sababu ni upande ambao hakuna mtu angekuja kuutazama. Nilipapasa juu mpaka mkono ulipoishia, nikapapasa chini. Ukuta mtupu. Hapakuwa na uani wala bahari, na upepo wenyewe haukuwapo. Dirisha la Dadi lilikuwa linatazama mgongo wa nyumba.

"Mzee Ausi kaingia kwetu," nilisema. Bado, unaona? Hata hapo, mkono ukiwa juu ya tofali, bado nilikuwa natafuta mtu mwingine.

"Ausi yuko Mlingotini," alisema Bi Adila. "Huu ujenzi ni wa Batuli na mwanawe. Mji mzima unajua. Sisi tulidhani na wewe unajua. Tulisema mjane kakubali."

Batuli aliporudi alinikuta ukumbini, nimekaa kiti cha Dadi. Kikapu kilikuwa kichwani, ndimu zinaonekana juu. Aliona uso wangu, akaona na koleo la chuma mapajani, akashusha kikapu polepole.

"Umefungua," alisema.

"Nimefungua."

Sikupiga kelele. Nilikuwa nimejiandalia matusi, yote ya Kikwere cha kwetu, yale ambayo marehemu mama alitukataza, na hayakutoka hata moja. Nilimwuliza kwa nini. Akaanza kuzungumza haraka haraka: kwamba vyumba vitapangishwa, kwamba Kibwana hana kazi, kwamba haki yake ya mirathi ni kubwa na mimi naijua, kwamba angeniambia eda ikiisha, hakutaka kuniongezea huzuni.

"Haki yako ningekunyima?" nikamwambia. "Si tungekaa, masheikh wakagawa, ukachukua? Mbona umenifungia ndani kwa kufuli?"

"Ungekataa pale dirishani."

"Ningekataa pale dirishani. Ungejenga kwingine kote."

Kisha akasema jambo ambalo nadhani hakuona ubaya wake, maana alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayekumbusha kitu ambacho wote tunakijua.

"Lakini wifi, wewe eda ikiisha si utarudi kwenu?"

Kwenu. Nimemzika mume katika mchanga wa mji huu. Nimeosha maiti zao, nimewachezea ngoma harusi zao, mama mkwe nilimlisha uji kwa kijiko mpaka siku aliyokufa, Batuli akiwa kwa mume wake wa pili. Na kumbe miaka yote ile nilikuwa mgeni aliyekaa sana. Niliumia. Sina neno la kupamba: niliumia kuliko siku ya maziko, kwa sababu siku ya maziko nilikuwa na Batuli wa kunishika.

Kesho yake, mafundi walipokwisha kuanza kazi, nilijitanda kanga zangu kuukuu, nikachukua ufunguo wa mlango wa uani kwenye msumari wake, nikafungua kufuli, nikatoka na mkeka kwapani.

Jua lilinipiga usoni nikakaribia kuanguka. Ua ulikuwa umekwisha. Palipokuwa na mchicha wangu na kamba ya nguo palikuwa na vyumba viwili bila paa, na rundo la mchanga, na fundi juu ya jukwaa la mirunda ameshika mwiko. Nikatandika mkeka pale pale katikati ya mchanga, nikakaa.

"Mama," aliniita fundi kwa adabu, "hapo utaangukiwa."

"Mimi ni mjane," nilimwambia. "Niko edani. Mwenye kazi hii amesema mjane haonekani na mwanamume."

Hujaona mtu anashuka kwenye mirunda hivyo. Aliruka, mwiko ukabaki juu, "Astaghfirullah, astaghfirullah," akajifunika uso kwa mkono, akatafuta mlango kwa kupapasa. Msaidizi wake alikwishatangulia, kandambili moja ameiacha kwenye saruji mbichi. Kibwana akaja mbio, akaishia nje ya ua, akawa ananipigia makelele kupitia makuti, "Anti, unanidhalilisha! Anti, saruji inakauka!" Nikamwambia azidishe istighfari.

Kuanzia siku ile nilihamia uani. Alfajiri natoka, magharibi naingia. Hakuna fundi wa Bagamoyo aliyekubali kuja kujenga juu ya kichwa cha mjane wa eda. Habari zilienea, na wengine walikuwa wanazipenda. Bi Adila alisema mirathi haijagawiwa, kwa hiyo hata tofali moja lisiongezwe mpaka masheikh wakae. Vyumba vikabaki bila paa, mchanga ukaanza kuota majani.

Ungedhani nilipata nafuu. Sikuipata. Nilikuwa nimeshinda mafundi, lakini kuta zilikwisha simama upande wote wa bahari, na pale uani niliposhinda nimekaa palikuwa na joto kuliko chumbani. Upepo nilikuwa nausikia ukipita juu ya kuta, unatikisa minazi ya kwa Mzee Ausi. Kwangu haukushuka.

Mchana mmoja, kaskazi ikiwa imekaza kisawasawa, mlango wa uani ulifunguka akatoka Batuli. Tulikuwa hatujasemezana tangu ile siku. Alikuwa na jagi la ukwaju, barafu inagonga ndani, na kipepeo kwapani. Alikuwa amekonda. Aliweka jagi kando yangu, akakaa kwenye mkeka mahali pake pa zamani bila kuomba, akaanza kunipepea.

Nitasema ukweli: upepo ule ulikuwa mtamu. Mwili hauna kinyongo. Nilifumba macho, na kwa kitambo tukawa tumerudi, mimi na yeye na Dadi wa maandazi. Nikahisi kope zinakuwa nzito. Hapo ndipo swali lilipokuja, lenyewe, nikalitoa bila kufumbua macho.

"Wifi. Zile siku ulizokuwa ukinipepea kule chumbani. Ulikuwa unanihurumia, au ulikuwa unangoja nilale nisisikie?"

Kipepeo kikasimama.

Nilingoja. Nilikuwa tayari kwa jibu lolote, wallahi, hata la uongo. Angesema tu "nilikuhurumia" ningelishika hilo nikaishi nalo. Nilisikia barafu inayeyuka kwenye jagi. Nilisikia minazi. Joto likanirudia usoni, shingoni, kwenye vipele.

Nilipofumbua macho alikuwa anatazama ukuta, kipepeo kimelala mapajani. Nikanyoosha mkono nikakichukua. Hakukishika. Nikageukia upande wangu, nikajipepea mwenyewe.